Mtu Aliyemsemea Baba Zuzu

Mtaani walimwita Debe, na jina hilo alipewa na mkewe mwenyewe, mwanamke mwenye ulimi usio na breki. Wakati huo walikuwa bado wachumba, naye ndiyo kwanza amemsikia mchumba wake akisoma redioni bei za mazao. "Sauti yote ile," alimwambia walipoonana, "na mwenyewe uzito wako kilo hamsini ukiwa umelowa. Kweli debe tupu haliachi kuvuma." Mwanamume alicheka, jina likaganda. Hata majirani waliomheshimu walimwita Mzee Debe, naye aliitika bila kinyongo, maana alijua kuwa sauti ndiyo mali pekee aliyozaliwa nayo.

Na ilikuwa sauti hasa. Nene, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ambayo ukiisikia nyuma yako dukani lazima ugeuke utazame ni ya nani. Redioni alikaa miaka michache. Kisha kituo kimoja cha runinga kikanunua kichekesho kutoka nchi za mbali, kikatafuta watu wa kukiingizia sauti za Kiswahili, na Debe akawa wa kwanza kuitwa.

Kichekesho chenyewe kiliitwa Nyumba Namba Tisa. Kama hukukiona hujapoteza kitu, kwa sababu vyote vya aina ile ni ndugu wa tumbo moja. Kuna mtaa wa pembezoni mwa mji, nyumba zimefanana kama mapacha, mbele nyasi zilizokatwa vizuri, gari limelazwa kwenye banda lake. Ndani ya nyumba kuna baba mjinga, mama mwenye hasira, na watoto wanaowajibu wazazi maneno ambayo wengi wetu tungeyalipia kwa meno. Baba anamsahau mtoto dukani. Baba anauza baiskeli ya mtoto ili anunue kiti cha kulalia. Baba anafika kwenye mahafali amelewa, anagombana na mwalimu, anaangukia keki. Kila anapoharibu, watu wasioonekana wanacheka. Halafu dakika za mwisho unaingia muziki laini, baba anapiga magoti kando ya kitanda cha mtoto, anaomba msamaha kwa maneno matamu, mtoto anamkumbatia, na matangazo ya sabuni yanaanza. Wiki ijayo anaharibu upya, na hakuna anayekumbuka la wiki iliyopita.

Watazamaji wa huku walimwita yule baba Baba Zuzu, na Baba Zuzu alikuwa Debe. Uso ulikuwa wa mzungu mmoja mnene asiyejua kama Debe yupo duniani, lakini watu hawakumjali mzungu. Walimpenda mtu aliyekuwa akisema.

Kazi ya kuingiza sauti ni kazi ya kutazama midomo. Unafungiwa ndani ya chumba chenye kuta za sponji, unavaa visikilizio, unaukazia macho mdomo ulio kwenye kioo cha runinga. Ukifunguka, unafungua wako. Ukifumba, unafumba. Mtafsiri ameandika maneno, lakini maneno yakizidi mdomo lazima uyameze, na yakipungua lazima uongeze ya kwako papo hapo. Debe alikuwa hodari wa hayo kuliko wote. Mama mmoja mcheshi aliyekuwa akimsemea mke wa Baba Zuzu alizoea kumtania: "Wewe Debe ungezaliwa samaki ungewasemea samaki wenzio wote, bahari nzima isilale."

Sasa, sauti ikiwa ndiyo mkate wa nyumba, nyumba nzima huilinda. Mwongozaji wa kipindi alimwonya mapema kwamba sauti ikikauka, kurekodi kunasimama na watu wote wanakaa bure. Debe akalichukua onyo hilo moyoni, akalibeba mpaka nyumbani, akalifanya sheria. Akitoka studio alasiri alikunywa maji ya uvuguvugu, akakaa kwenye kochi lake, asiseme na mtu. Aliongea kwa mkono. Kidole kimoja maana yake maji. Vidole viwili vikipungwa maana yake redio ipunguzwe. Kiganja kikiinuliwa maana yake baadaye. Katika ishara zote, kiganja ndicho kilichofanya kazi zaidi.

"Shh," mkewe alimwambia binti yao tangu akiwa wa kutambaa. "Baba anapumzisha sauti."

Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Alikua akijua kwamba sauti ya baba yake iko ndani ya runinga, na kwamba huyu anayerudi nyumbani jioni ni mwenye sauti, lakini hakuja nayo. Basi kila Jumatano alikaa karibu na runinga mpaka mama yake akamwonya kuhusu macho. Hakuwa akicheka sana. Alikuwa akingoja mwisho, pale kando ya kitanda, ambapo baba huita "mwanangu" kwa ile sauti ya chini.

Watoto wa jirani walimwonea wivu. "Baba yako anachekesha jamani. Hata nyumbani yuko vile vile?" Alijibu ndiyo. Hapakuwa na mtu aliyemfundisha kujibu hivyo.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, bibi yake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alifariki. Mtoto akaanza kukojoa kitandani. Mganga wa zahanati alisema ni majonzi tu, yatapita, asichapwe wala asisemwe. Mama aliona aibu kuliko mtoto mwenyewe. Lakini Debe, na hili ni lazima lisemwe kwa haki yake, hakusema lolote na hakuinua mkono wowote. Kila kulipokucha godoro limelowa, yeye ndiye aliyeamka kwanza, akalitwika kichwani, akazunguka nalo nyuma ya nyumba, akaliegemeza ukutani kwenye kichochoro cha tangi la maji, ambako jua linafika lakini macho ya watu hayafiki. Jioni, kabla ya watoto wenzake kuja kucheza, godoro limesharudi na shuka safi limetandikwa. Mtoto alikuwa akimwona kwa jicho moja, amejifanya amelala, baba mwembamba chini ya godoro kubwa akipita mlango kwa ubavu ili lisigonge. Hapo ndipo alipojua kuwa anapendwa. Ushahidi mwingine hakuwa nao, na huo ulimtosha.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoweza kuvunja chombo chake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa anacheka.

Siku moja studio walifika kwenye kipande ambacho Baba Zuzu anatazama nje dirishani na kikombe mkononi, binti yake anateremka ngazi, na baba anasema jambo refu linalowafanya wale wachekaji wasioonekana wapasuke mbavu. Tatizo ni kwamba jambo lenyewe lilihusu mchezo wao fulani wa mpira usiopigwa kwa mguu. Mtafsiri alikuwa amelitafsiri kama lilivyo, na kila walipolisoma lilikuwa kavu kama majivu. Mwongozaji akashika kichwa. Kicheko kilikuwa kimeshawekwa huko kipindi kilikotoka. Kilichokosekana ni cha kuchekwa.

"Debe, weka chochote," alisema. "Mdomo wake unakwenda mrefu. Jaza."

Mdomo ukafunguka, Debe akafungua wake. Yakatoka yaliyokuwa karibu. "Shikamoo godoro! Naona leo tena umetoka kuota jua. Godoro la binti yangu lina bahati kweli: kila siku linaogeshwa, kila siku linaanikwa. Mimi baba mwenye nyumba sijaoga tangu Jumapili!"

Maneno yalikaa kwenye midomo ya yule mzungu kama yaliyoshonewa. Kicheko kikaingia mahali pake. Fundi mitambo alianguka na kiti. Yule mama mcheshi alitoka nje kufuta machozi. Debe alirudi nyumbani siku hiyo akijisikia mtu, akanywa maji yake ya uvuguvugu, akasahau. Alisahau kweli. Hakumwona mtoto wake akilini alipokuwa akisema, aliona mdomo tu.

Kipande kilirushwa baada ya wiki kadhaa. Walikuwa watatu sebuleni. Mke wa Debe alikuwa akipakua chakula, na maneno yalipotoka mwiko ukabaki hewani. Binti hakugeuka. Kutoka nyumba ya kulia, na ya kushoto, na ya ng'ambo ya barabara, kupitia madirisha yaliyoachwa wazi kwa joto, vikasikika vicheko vya watu wa kweli. Na miongoni mwa watu hao walikuwemo watoto waliowahi kuliona godoro likizunguka nyuma ya nyumba, wakauliza, wakaambiwa maji yamemwagika.

Kesho yake shuleni wavulana walijipanga langoni. "Shikamoo godoro," walisema kwa pamoja, kwa adabu zote.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hawakusema usaha unamtumbukia nani. Ulimtumbukia mtoto. Jina lilimfuata darasani, dukani, kwenye foleni ya maji. Mbaya zaidi, lilimnyang'anya salamu. Kila alipomwambia mkubwa yeyote shikamoo, palikuwa na mtoto pembeni wa kumalizia. Basi akaacha kusema. Walimu wakamwona hana heshima, wakamwadhibu, akavumilia adhabu kuliko salamu.

Siku ya tatu alimfuata baba yake kwenye kochi. Alikuwa amejiandaa, ameosha uso. "Baba," alisema, "naomba usiseme tena ile ya godoro."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kurekodi. Debe alimtazama mtoto, akalielewa ombi vizuri sana. Kisha akainua kiganja. Baadaye.

Studio, mwongozaji alimpokea kwa furaha. Barua za watazamaji zilikuwa zimefurika, wote wanataka godoro. Kituo kimeagiza Baba Zuzu aseme "Shikamoo godoro" kila kipindi, popote mdomo utakaporuhusu. Debe akasema, "Ile nilidhani ni ya siku moja tu."

"Watu wameipenda, mzee," alisema mwongozaji.

Basi. Hakutishwa kwa panga wala kwa bunduki. Angeweza kusema hapana, na mwongozaji angenuna siku mbili, mambo yakaendelea. Lakini Debe alikuwa mtu aliyezoea kusema pale mdomo wa mwingine unapofunguka, na ule wa kwake mwenyewe hakuujua unafunguliwaje. Alisema shikamoo godoro wiki ile, na iliyofuata, na miaka iliyofuata. Watu wazima waliitumia kazini wakimwona mwenzao amechelewa. Wauza magodoro waliibandika madukani kwao. Kumwambia mtoto "pole" hakuwahi, kwa sababu baadaye haikufika.

Mwaka wa shule ulipokwisha binti alihamia kwa mama yake mdogo, upande mwingine wa mji. Walisema ni kwa sababu ya shule iliyo karibu. Kitanda chake kiliachwa kimetandikwa, na hakikulowa tena.

Miaka ikaenda. Binti akasoma, akawa fundi wa kukata vioo vya miwani, kazi ya utulivu na mikono isiyotetemeka. Akaolewa na mwanamume mkimya, ila ukimya wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Kwenye arusi, Debe aliposimama kusema neno la baba, wageni walipiga meza wakidai, "Godoro! Godoro!" Debe akakohoa, akagusa koo, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kukataa, na hakuna aliyejua kwamba amekataa. Walidhani ana mafua. Bibi arusi naye alidhani hivyo.

Mama alikuwa akimtembelea binti yake, akirudi na habari: amepata mtoto wa kike, mtoto ameota meno, mtoto anatembea. Debe alisikiliza. Mara nyingine mkewe alimgeukia kwa hasira. "Sauti ya kuchekesha nchi nzima unayo. Ya kumwambia mtoto wako pole huna." Safari hizo hakuinua hata kiganja.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza kupita kiasi. Tangawizi haikusaidia, asali haikusaidia. Hospitali wakaingiza mpira wenye taa kooni, wakakata kipande, wakapima. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye umri kama wa binti yake, na alimweleza bila kuzunguka. Ilikuwa kansa, na ilikuwa imekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Wangekitoa chote. Angeishi, angepumulia tundu shingoni, angekula polepole. Kusema asingesema tena.

"Jumatatu tunakuingiza chumba cha upasuaji, mzee," alisema. "Kama una la kumwambia mtu kwa mdomo wako, mwambie wiki hii."

Walipotoka kwenye korido mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu tangu wakiwa vijana. "Umesikia," alisema. "Nenda kwa mwanao. Usinitume mimi. Nenda mwenyewe."

Siku zote zile Debe alijifungia bafuni akijiandaa. Aliyatafuta maneno, akayapanga, akayasema mbele ya kioo mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipomtoka akaamini kwamba sasa yamefika moyoni. Jumamosi mchana akavaa shati la mikono mirefu, akaenda.

Binti alimfungulia mlango. Alikuwa na miwani ya kazi imepandishwa juu ya kichwa, na vumbi jeupe la vioo kwenye vidole. "Habari za leo, baba," alisema. Shikamoo hakusema. Debe aliijua sababu, akaitika, "Nzuri, mama," kwa sauti iliyobaki, sauti ya kukwaruza kama kijiko chini ya sufuria.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Mjukuu alikuwa amelala chumbani. Walikaa kwenye makochi mawili yanayotazamana, runinga imezimwa katikati yao, na kwa muda walizungumza juu ya hospitali, wadi gani, nani atalala na mgonjwa. Kisha Debe akateremka kutoka kwenye kochi, akakaa sakafuni, mzee mzima, magoti yakilia.

"Baba, inuka."

"Niache niseme," alisema Debe. Akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi ni mzee mjinga niliyepewa moyo mkubwa kuliko akili. Nimekukosea. Kama ningeweza kuirudisha siku ile, ningeirudisha kwa mikono yangu hii miwili. Lakini siwezi. Ninachoweza ni kukaa hapa chini..."

"...mpaka siku utakayonitazama tena," binti akamalizia.

Debe akainua kichwa.

"Hiyo ni ya baiskeli, baba," alisema binti, polepole, wala hakuwa na kejeli. "Alipouza baiskeli ya mtoto akanunua kiti cha kulalia. Alikaa sakafuni hivyo hivyo."

Wallahi Debe hakujua. Bafuni siku zote zile alidhani anayachimba moyoni, kumbe alikuwa akiyaokota njiani, mahali alipoyaangusha mwenyewe. Uso ukamchoma. Akajaribu tena haraka, kama mtu anayetaka kuushika mlango kabla haujafungwa. "Sikuja kwa sababu ninastahili. Nimekuja kwa sababu kila mlango niliofungua tangu uondoke..."

"Nyuma yake hukuwepo," binti akasema. "Hiyo ni ya mahafali. Ya keki."

"Unazijua zote?"

"Zote." Binti aliivua miwani kichwani, akaishika mapajani. "Kwa mama mdogo nilikuwa naangalia kila Jumatano. Godoro likifika naziba masikio, nikihesabu, halafu nazibua. Nangoja mwisho. Mwishoni nafumba macho. Ukifumba macho yule mzungu hayupo, ni baba tu anaomba msamaha. Nilikuwa najiambia labda mle studio, akisema vile, ananiwaza mimi." Akamtazama. "Ulikuwa unaniwaza?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema uongo mmoja mzuri, na baba yeyote wa runinga angeusema. Debe alitikisa kichwa. "Nilikuwa natazama mdomo wake," alisema.

Binti aliitikia, kana kwamba hilo alilijua siku nyingi na alitaka tu kulisikia. "Basi sema ya kwako," alisema. "Hata neno moja. Lisiwe zuri. Liwe lako."

Debe alifungua mdomo. Alikuwa akimtazama binti yake midomoni, kwa mazoea tu, akingoja ianze ndipo naye aanze, na midomo ya binti ilikuwa imetulia, inamngoja yeye. Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati. Hakuna kilichotoka. Mtu aliyewasemea wenzake nusu ya maisha yake hakuweza kujisemea kitu, na machozi yaliyomjia safari hii hayakuwa na muziki.

"Lile godoro," hatimaye alisema binti, "ulikuwa unalibeba wewe. Angesema mtu mwingine nisingejali, ningempiga jiwe yaishe. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unanificha. Baada ya pale sikujua tena nijifiche kwa nani." Akasimama, akamshika baba yake chini ya makwapa, akamwinua, akamkalisha kwenye kochi, akampangusa vumbi kwenye suruali. "Nitakuja hospitali. Nitakuja kila siku. Lakini usije ukafikiri nimesamehe, baba. Nakuja kwa sababu wewe ni baba yangu. Hayo ni mambo mawili, nimejaribu kuyafanya moja nimeshindwa."

Akamletea maji. Debe akayanywa, akaondoka.

Jumatatu wakamkata. Walipoanza kuruhusu watu kumwona, binti alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta uji. Debe alikuwa ameinuliwa kwenye mto, bendeji nzito shingoni, na katikati ya bendeji tundu linalopumua peke yake. Kwenye reli ya kitanda walikuwa wamening'iniza kiubao na kalamu. Tangu asubuhi alikuwa ameandika maji, na mto, na zimeni taa.

"Habari za leo, baba."

Alimtazama. Kisha midomo yake ikaanza kwenda.

Sauti haikuwepo. Palikuwa na mlio hafifu tu wa hewa kutoka shingoni. Binti alisogeza kiti, akainama. "Sikusikii," alisema. Akamtolea kiubao, akamwekea kalamu mkononi. "Andika, baba."

Debe alikisukuma kiubao pembeni, kikaanguka. Akaanza tena tangu mwanzo, polepole zaidi. Binti akaitoa mfukoni miwani yake, akaivaa, akautazama ule mdomo. Alitafuta ya baiskeli, haikuwa ya baiskeli. Alitafuta ya keki, na ya dukani, na zile nyingine zote alizozijua zinapoanzia na zinapovutia pumzi. Haikuwa hata moja. Maneno haya yalikuwa mafupi. Yalikwama katikati, yakarudi nyuma, yakakosewa, yakaanza upya, hayakuwa na mpango wowote. Hakuna mtafsiri aliyeandika kitu kibovu namna ile.

"Sijui umesema nini, baba," alisema. "Lakini hiyo siijui. Hiyo sijawahi kuisikia."

Debe aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakimshukia masikioni. Akaanza tena. Binti alimshika mkono, akaukazia macho ule mdomo bila kupepesa, na Debe akasema tena, na akasema tena, mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na binti hakuwa ameambulia hata neno moja.